Askari Mzee na Majani ya Bangi

Fundisho kwa wakatekumeni



Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, Roho Mtakatifu afundisha kwamba Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika udongo, na mtu mwenye busara hazidharau. Tena afundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa naye amewekwa na Mungu. Maneno hayo mmekwisha yasikia katika mafundisho. Lakini hapo hapo huzuka swali, nalo huulizwa mara nyingi katika vijiji vya Kasongo na Kabambare: "Ikiwa Mungu ameumba majani yote ya porini, mbona mapadri na makatekista wakataza bangi? Askari mzee mwenye maumivu ya vita, akivuta bangi ili apate usingizi, je, atenda dhambi? Na hayo yasemwayo redioni, kwamba ng'ambo askari wazee wapewa bangi na waganga kwa ruhusa ya sheria, ni kweli ama ni uongo?"

Swali hili si la mzaha. Mtu anayejiandaa kupokea ubatizo hana budi kujua jibu lake, kwa maana askari huyo mzee huenda ni baba yake mwenyewe, au babu yake, au jirani ambaye kilio chake husikika usiku.

I. JERAHA LISILOONEKANA

Nchi ya Kasongo imeijua vita tangu zamani. Mwaka 1893 mji wenyewe ulitwaliwa na majeshi ya Mfalme Leopold II katika vita vyake na Waarabu. Mwaka 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora. Mwaka 1941 wakawashinda Waitaliano huko Saio, katika nchi ya Ethiopia. Mwaka 1964 Simba walipita Maniema. Vikaja vita vya mwaka 1996 na 1997, tena vile vilivyoanza mwaka 1998 vikaendelea hata 2003. Na katika eneo la Kabambare, upande wa Salamabila, bunduki zililia tena hata baada ya miaka hiyo.

Askari wa Tabora na wa Saio wamekwisha zikwa. Lakini wale wa vita vya baadaye wangali hai. Wengine walivaa nguo za serikali, wengine walikuwa Mai-Mai, wengine walichukuliwa wakiwa watoto wadogo, hawakuulizwa kama wataka au hawataki. Leo wanalima muhogo, wanavua samaki katika Lualaba, wanakaa barazani kama watu wote.

Wengi wao wana majeraha mawili. La kwanza laonekana: mguu uliovunjika ukaungwa vibaya, chuma kilichobaki ndani ya nyama, bega lisiloinuka tena. La pili halionekani, nalo huuma kuliko la kwanza. Mtu alala, mara aamka akipiga kelele. Asikia jiti likivunjika motoni, naye ajitupa chini. Akaa peke yake, hataki kwenda sokoni. Akasirika bila sababu, kisha alia bila sababu. Mwaka 1980 waganga wa Marekani, waliokwisha kuwaona askari wengi waliorudi kutoka vita vya Vietnam, waliliandika jeraha hilo katika kitabu chao cha magonjwa. Basi fahamuni jambo hili: si laana ya mababu, si pepo, wala si woga wa mtu asiye mwanaume. Ni ugonjwa, kama vile malaria ni ugonjwa.

Chukueni mfano. Kijana mmoja mkatekumeni amkuta babu yake nyuma ya nyumba, na kiko mkononi, na moshi wa bangi wapanda. Amwambia kwa heshima: "Babu, katekista ametufundisha kwamba majani hayo ni dhambi."

Mzee amjibu: "Mjukuu wangu, katekista wako hakuwa pamoja nami porini. Nikifumba macho usiku, nawaona wenzangu, nao waniita kwa jina langu. Nikivuta, siwaoni. Niambie basi, wewe unayesoma: ni afadhali nisivute, nikaruka kitandani nikamkaba bibi yako koo, nikidhani ni adui?"

Kijana anyamaza. Alijua amri, lakini hakujua jinsi ya kumjibu mtu mwenye maumivu. Fundisho hili latafuta jibu la kumpa mzee wa namna hiyo, jibu la kweli lenye mapendo.

II. NENO MOJA, MAANA TATU

Katika Kiswahili neno "dawa" lina maana tatu, nazo zachanganywa kila siku. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Kwanza, iko dawa ya hirizi. Mwaka 1964 Simba walinyunyiziwa maji na waganga wao, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Wengi wao walivuta bangi kabla ya kwenda vitani, wapate kutoogopa. Wakaenda wakiimba, nao wakaanguka kama majani mbele ya panga, wengi wao vijana tu. Dawa ya namna hiyo haiponyi kitu. Yamdanganya mtu na kumtenga na Mungu. Siku ya ubatizo mkatekumeni aikataa pamoja na kazi zote za Shetani.

Pili, iko dawa ya kulevya. Hii humwondolea mtu akili ambayo Mungu amempa, ili asahau kwa saa chache. Asubuhi shida zake zamngoja mlangoni, pengine zimeongezeka.

Tatu, iko dawa ya kuponya au ya kutuliza maumivu. Hii hutolewa na mtu aliyejifunza, kwa ugonjwa unaojulikana, kwa kipimo, na kwa siku zilizohesabiwa.

Sasa sikilizeni neno la ajabu. Kitu kimoja chaweza kuwa katika kundi la pili au katika kundi la tatu. Itazameni divai. Nuhu aliinywa akalewa, akalala uchi hemani mwake. Lakini Msamaria mwema, katika Injili ya Luka sura ya 10, aliimimina pamoja na mafuta katika majeraha ya mtu aliyepigwa njiani. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na katika Misa Takatifu divai hiyo hiyo hugeuka kuwa Damu ya Bwana wetu Yezu Kristu. Divai haina hatia. Mkono unaoishika ndio wenye wema au ubaya, na kipimo, na kusudi lililo moyoni.

Hata bangi yenyewe haikuumbwa na Shetani. Mmea huu uliingia Kongo zamani pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani. Katika Kasai, karibu na mwaka 1880, chifu Kalamba Mukenge na watu wake waliziteketeza hirizi zao za zamani, wakaifanya bangi kuwa kifungo cha umoja wao, wakaitwa Bena Diamba, yaani wana wa bangi. Wazungu wawili, Pogge na Wissmann, waliwakuta huko mwaka 1881. Mwaka uliofuata wakafika Nyangwe, karibu na Kasongo, na habari zao zikaandikwa. Watu wale walitafuta amani, na kuitafuta amani ni jambo jema. Lakini waliuweka mmea mahali pa Muumba wake. Kosa lao larudiwa leo na kila mtu anayeutegemea moshi kama Mungu wake.

III. HABARI ZA NG'AMBO: YALIYO KWELI NA YALIYO UONGO

Yasemwayo redioni yana ukweli, lakini watu hushika nusu ya habari na kuiacha nusu ya pili.

Ni kweli kwamba katika nchi ya Kanada serikali hulipia bangi ya dawa kwa askari wazee walioandikiwa na waganga. Lakini si kama kila mtu apendavyo. Mwaka 2016 serikali hiyo iliona kwamba kipimo kilikuwa kikubwa mno, kwa maana wengine walipewa hata gramu 10 kwa siku. Ikakipunguza kuwa gramu 3, na anayetaka zaidi alazimika kuleta ushuhuda wa mganga bingwa.

Ni kweli pia kwamba huko Marekani majimbo mengi yameruhusu bangi kwa wagonjwa. La kwanza lilikuwa California, mwaka 1996. Mwaka 2009 jimbo la New Mexico likaruhusu bangi kwa jeraha la roho, lile linalowapata askari. Lakini sheria ya serikali kuu iliendelea kuikataza. Kwa hiyo waganga wa hospitali za askari wazee hawakuweza kuwaandikia wagonjwa wao dawa hiyo. Tangu mwaka 2017 waliweza tu kuzungumza nao habari zake, na mgonjwa asipoteze haki zake kwa kusema kweli. Askari aliyeihitaji alikwenda kwa mganga mwingine, akalipa kwa fedha zake mwenyewe. Askari wengi walilalamika kwamba nchi iliyowatuma vitani yawaacha nusu ya njia. Malalamiko hayo si ya upuzi. Yule Msamaria hakufunga majeraha tu. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi.

Katika Afrika, nchi ya Lesotho ilitangulia mwaka 2017 kutoa leseni za kulima bangi ya dawa. Jirani zetu wa Rwanda waliamua tarehe 12 Oktoba 2020 kwamba bangi yaweza kulimwa kwa ajili ya dawa za kupelekwa nchi za nje, katika mashamba yenye uzio na walinzi. Lakini mtu anayevuta bangi barabarani huko Rwanda bado hukamatwa. Na tarehe 2 Desemba 2020, katika Umoja wa Mataifa, nchi 27 dhidi ya 25 zilikubali kuiondoa bangi katika orodha ya vitu vikali kuliko vyote, ili iwe rahisi kuichunguza kama dawa. Hawakusema kwamba bangi ni chakula. Iliendelea kuwa chini ya ulinzi wa sheria za mataifa.

Je, waganga wameona nini? Mwaka 2017 kamati kubwa ya wataalamu wa Marekani ilipima utafiti wa miaka mingi. Wakakuta kwamba dawa za bangi zaweza kupunguza maumivu ya muda mrefu kwa watu wazima, na kutuliza kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa kali. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa ya maji iliyotolewa katika mmea huo kwa namna fulani za kifafa kikali. Na kile kilichomo ndani yake si kile kinacholevya.

Lakini kwa jeraha la roho mambo ni mengine. Mwaka 2021 utafiti juu ya askari wazee 80 ulitangazwa. Wengine walipewa bangi ya kuvuta, wengine majani yaliyoondolewa nguvu zake, wala hawakuambiwa wamepewa yapi. Baada ya majuma matatu wote walipata nafuu kidogo, na wenye bangi hawakuwashinda wenzao. Mwaka 2023 waganga wa jeshi la Marekani na wa hospitali za askari wazee wakaandika katika mwongozo wao kwamba bangi isitumiwe kutibu jeraha hilo. Walisifu zaidi matibabu ya maneno, ambayo mgonjwa huongozwa na mtu aliyefundishwa kulikumbuka jambo lililomtisha, kidogo kidogo, mpaka lipungue nguvu.

Basi mbona yule babu alala anapovuta? Kwa sababu bangi huzizuia ndoto kwa muda. Lakini jeraha halifungwi. Mtu akizoea kuvuta kila siku, kisha akakosa, usingizi humkimbia na ndoto hurudi kwa ukali. Hapo yeye hudhani kwamba bangi ndiyo iliyokuwa ikimponya, kumbe ndiyo imemshika. Kwa kijana hatari ni kubwa zaidi, kwa maana akili yake bado yakua. Wengine huharibikiwa na kumbukumbu, na wengine huingiwa na wazimu.

IV. SHERIA NI MLANGO

Wako wakristu wasemao: "Yote hayo ni ya Wazungu. Mtu mwema avumilie maumivu, kwa maana Bwana Yezu msalabani aliikataa divai iliyotiwa manemane." Ni kweli kwamba aliikataa, kama Marko aandikavyo katika sura ya 15. Yeye aliyatoa mateso yake kwa ajili ya wokovu wa watu wote, kwa hiari yake. Lakini hakuwaamuru wagonjwa waikatae. Wakoma na viziwi na vipofu walipomjia, hakuwaambia wavumilie, aliwaponya.

Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu waganga waliomwuliza juu ya jambo hilo. Akafundisha kwamba mkristu halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe. Na kwamba ni halali kutumia dawa kali za kutuliza, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake mbele ya Mungu na watu. Katekismu ya Eklezia Katolika, katika namba 2291, yafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu za kweli za matibabu. Na mwezi wa Juni 2014 Papa Fransisko alikataa wazi kuruhusiwa kwa dawa za kulevya zitumiwazo kwa anasa. Mafundisho haya matatu hayapingani. Eklezia yafunga njia ya ulevi, nayo yaacha wazi njia ya matibabu.

Sheria nzuri hufanya vivyo hivyo. Ni kama mlango wa nyumba: wafungwa, lakini una ufunguo na una mlinzi. Mfano wake uko karibu, katika Uganda. Mmea uitwao afyuni umeharibu watu wengi duniani. Lakini ndani yake hutoka mofini, dawa inayotuliza maumivu makali kuliko nyingine nyingi. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, apate kuwahudumia wagonjwa wa saratani na wa ukimwi waliokuwa wakifa wakilia. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum wawaandikie wagonjwa mofini ya maji, kwa maana waganga wakuu walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali. Kitu ambacho sokoni ni sumu, katika mkono wa muuguzi kikawa huruma. Hawakuubomoa mlango. Waliufungua kwa ufunguo, wakaweka mlinzi.

Basi, mtu akiomba kwamba hata bangi, waganga wakiisha kuthibitisha faida yake, itolewe kwa sheria na kwa kipimo kwa askari mwenye maumivu, hatendi dhambi. Aomba haki kwa njia ya haki. Na wakubwa wa nchi watajibu mbele ya Mungu kama walimtuma mtu vitani kisha wakamwacha na chuma mguuni. Lakini katika nchi ya Kongo anayelima, anayeuza au anayevuta bangi hukamatwa. Na mtu anayeuza majani hayo gizani hawezi kusema kwamba yeye ni mganga wa askari. Hapimi kitu, hachunguzi ugonjwa, hatazami kama mnunuzi ni mzee mgonjwa au mtoto wa shule. Yeye atafuta fedha tu.

V. JIBU LA KUMPA MZEE

Katika mfano wa Msamaria walipita watu wawili kabla yake, kuhani na Mlawi. Waliijua Sheria ya Mungu vizuri sana. Wakamwona mtu amelala, wakapita upande wa pili. Mkatekumeni anayemwambia askari mzee "Ni dhambi," kisha akaenda zake, amefuata njia ya hao wawili. Amesema kweli, lakini hakuwa jirani.

Basi yule kijana na aseme hivi: "Babu, nisamehe, nilisema haraka. Sikuyaona uliyoyaona. Lakini moshi huu wakulaza tu, haukuponyi, nami nataka upone. Kesho nitakupeleka kituo cha afya, nitakushika mkono njiani. Tumweleze muuguzi habari za mguu na habari za usiku, zote mbili."

Kisha afanye kama alivyosema. Kituoni, mzee asifiche kwamba huvuta bangi, kwa maana muuguzi asiyejua aweza kutoa dawa zisizopatana nayo. Mguu upewe dawa ya maumivu kwa kipimo. Bangi yenyewe, ikiwa ameizoea miaka mingi, aipunguze kidogo kidogo kwa shauri la muuguzi, wala wasimnyang'anye kiko kwa nguvu. Pombe aiache, kwa maana pombe na bangi pamoja humvuruga mtu kuliko kila moja peke yake.

Nyumbani, bibi na wajukuu wajue kwamba usiku haifai kumshika ghafula anapoota. Wamwite kwa jina lake kutoka mbali, kwa sauti ya upole, wawashe taa. Mchana asiachwe peke yake. Apewe kazi inayolingana na nguvu zake: kusuka vikapu, kufundisha watoto kutega samaki, kulinda mbuzi. Askari wengine wa kijijini wakutane naye, kwa maana mtu aliyepita moto ule ule huelewa kabla ya kuambiwa. Na siku atakapotaka kusema yaliyotokea porini, asikilizwe mpaka mwisho. Ikiwa moyo wake wamshitaki kwa damu aliyoimwaga, hakuna jani litakalomtuliza. Aende kwa Padri. Ikiwa amebatizwa, Sakramenti ya Kitubio yamngoja. Ikiwa hajabatizwa, maji ya ubatizo yaondoa dhambi zote, hata zile ambazo mtu aogopa kuzitaja.

VI. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, bangi ni mbaya kwa asili yake?
Jibu: Hapana. Kila mmea umeumbwa na Mungu. Ubaya ni kuitumia ili kujilevya, au kuiuza ili kuwalevya wengine.

Swali: Je, askari mzee anayevuta kwa siri ili apate usingizi atenda dhambi?
Jibu: Njia hiyo si njema, naye afundishwe kuiacha. Lakini maumivu, kutojua na mazoea ya muda mrefu hupunguza hatia ya mtu. Mungu peke yake ndiye aijuaye mizani ya moyo wake. Jirani yake amepewa kazi ya kumsaidia, hakupewa kazi ya kumhukumu.

Swali: Je, mkristu aweza kutumia dawa iliyotoka katika bangi, ikiwa mganga ameiandika na sheria ya nchi yairuhusu?
Jibu: Aweza, kwa ugonjwa wa kweli na kwa kipimo alichopewa, kama vile aweza kutumia mofini.

Swali: Kijana mwenye afya akisema, "Mimi pia naitumia kama dawa," tumjibu nini?
Jibu: Dawa ni ya mgonjwa. Kijana huyo ajidanganya mwenyewe, naye ayatumia maumivu ya wazee kuwa kifuniko cha anasa yake.

Swali: Mkatekumeni mwenyewe akiwa amezoea bangi, je, afukuzwe katika mafundisho?
Jibu: Asifukuzwe. Amweleze Padri mambo yake bila kuficha, aanze kuiacha, awe na mdhamini wa kumtegemeza. Aliye mgonjwa ndiye anayehitaji mganga, kama Bwana wetu alivyowaambia Mafarisayo.

MAAZIMIO

Juma hili kila mkatekumeni afanye mambo matatu. La kwanza, amtafute askari mzee mmoja katika kijiji chake, aketi naye, amletee maji au kuni, amsikilize. La pili, asitumie tena neno "mwendawazimu" kwa mtu aliyejeruhiwa na vita, tena awazuie watoto wanaomcheka. La tatu, akatae kununua, kubeba au kuuza bangi, hata akiahidiwa fedha za karo.

SALA

Ee Bwana Yezu, Mganga wa miili na wa roho, uliyekubali kutobolewa kwa mkuki wa askari, na yule askari mkuu aliyesimama chini ya msalaba akakukiri kuwa Mwana wa Mungu, watazame wazee wetu waliorudi kutoka vitani wasipate amani. Uwafunge majeraha yao, yale yanayoonekana na yale yasiyoonekana. Wape waganga elimu, wape wakubwa wa nchi haki, na sisi utupe moyo wa Msamaria, tusipite upande wa pili wa njia. Bikira Maria, Afya ya wagonjwa, utuombee. Amina.